Kitabu Kimoja, Biashara Tano

Bango la duka ni maandishi kama maandishi mengine, na mabango ya Mitunguu husomeka haraka kuliko riwaya nyingi. Ukiteremka kutoka Nkubu, baridi ya Mlima Kenya inakuacha taratibu, migomba inashika pande zote mbili za barabara, na unaingia soko ambalo mlango mmoja una kazi nne: picha za pasipoti, kadi za harusi, M-Pesa, video za sherehe. Pengine chumba cha nyuma kina maikrofoni na godoro limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, na hapo ndipo nyimbo za Injili za Kimeru zinaporekodiwa. Mwenyewe haoni ajabu yoyote. Ukimwuliza anafanya kazi gani, atakuambia tu ako na duka.

Nairobi, kazi hizo hizo nne zina jina kubwa. Kijana anayezifanya ni mjasiriamali mbunifu, au kwa lugha ya mtaa, kriativu mwenye hasla kadhaa. Anaandika mashairi, anapiga picha za harusi, ana podikasti, anauza mitumba Instagram, na usiku anaiandikia kampuni ya mikopo matangazo ambayo hataki jina lake lionekane karibu nayo. Imezuka fasihi nzima ya kumsifu mtu huyu: vitabu vya kujiinua, semina za kulipia, video za dakika moja za jamaa aliyekaa ndani ya gari ambalo huenda si lake, akisema ukiwa na njia moja ya pesa uko hatua moja tu kutoka kwa umaskini. Upande wa pili wamesimama walimu wetu na methali yao: mshika mbili moja humponyoka.

Wote wanahesabu. Hawa wanasema biashara nyingi ni akili, wale wanasema ni tamaa, na kumbe wote wanaamini kwamba jambo kubwa ni idadi. Mimi nataka kulisoma suala hili kupitia vitabu, maana tuna waandishi Kenya waliobeba biashara kadhaa kwa mkupuo miaka mingi kabla neno hasla halijafika kwenye kampeni za wanasiasa. Vitabu vyao bado vinabeba alama za biashara zile. Ukivisoma vizuri unaona mahali mwandishi alipopata uhuru, na mahali alipoumia.

Lakini kwanza turudi Mitunguu kidogo, tuangalie maji. Katika miaka ya 1980 ulijengwa huko mradi wa umwagiliaji kwa msaada wa Ujerumani. Maji ya mto Thingithu yalitiwa kwenye mabomba yakashuka mashambani yenyewe, kwa nguvu ya mteremko, bila pampu. Sehemu yenye joto na mvua ya kubahatisha ikawa nchi ya ndizi. Leo mkulima mmoja wa pale ana migomba, chini yake nyanya, pembeni mapapai, nyuma ya nyumba ng'ombe anayelishwa zizini, na pikipiki ambayo kijana fulani anaiendesha na kumletea hesabu jioni. Hakuna anayemwambia kwamba amekosa mwelekeo. Majani ya mgomba yanaenda kwa ng'ombe, samadi inarudi kwa mgomba, na yote yanakunywa kutoka bomba moja.

Hata hivyo, mkulima huyo huyo kwa miaka mingi aliuza ndizi kwa macho. Broka alikuja na lori, akautazama mkungu, akataja bei, akaondoka nao. Mizani ilichelewa kufika, na ilipofika ililetwa zaidi na vikundi vya wakulima waliochoka kukadiriwa. Yaani mtu anaweza kuwa na vyanzo vitano vya pesa na bado bei ya kila kimoja ikawa mdomoni mwa mtu mwingine. Hili ndilo swali ambalo jamaa wa video ya dakika moja halifikii: hati iko kwa jina la nani?

Barabara ikizidi kuteremka inaingia Tharaka, na huko ndiko alikozaliwa mwandishi ninayemwona kuwa mfano wetu bora wa jambo hili. Kithaka wa Mberia ni mwanaisimu, profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye tasnifu yake ya uzamifu ya 1993 ilichunguza mofofonolojia ya Kitharaka, lugha ya nyumbani kwao. Ni mshairi. Ni mwandishi wa tamthilia. Na vitabu vyake vimetoka Marimba Publications, kampuni yake mwenyewe: Mchezo wa Karata na Natala mwaka 1997, Bara Jingine na Kifo Kisimani mwaka 2001, Maua Kwenye Jua la Asubuhi 2004, Redio na Mwezi 2005, Msimu wa Tisa 2007, Rangi ya Anga 2014. Sidhani angependa kuitwa mjasiriamali mbunifu. Lakini hesabu mwenyewe: mwalimu, mtafiti, mshairi, mwandishi wa jukwaa, mchapishaji. Kofia tano, kichwa kimoja.

Wahakiki wetu wamezoea kumzungumzia Mberia kama mtu wa mashairi huru, wakimweka katika ule mgogoro wa zamani uliochochewa na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, kati ya wenye vina na mizani na wasiovitaka. Sawa. Lakini fungua Mchezo wa Karata halafu tazama karatasi yenyewe kabla hujasoma maneno. Mistari ni mifupi, mingine ni neno moja tu. Kuna maneno yanayoshuka kama ngazi na nafasi nyeupe inayoachwa makusudi ili jicho lisimame. Sasa fikiria hilo kama gharama. Karatasi hulipiwa, iwe imeandikwa au haijaandikwa. Mshairi aliye chini ya mchapishaji wa kawaida lazima amweleze mtu wa hesabu kwa nini ukurasa mzima umebeba maneno machache hivyo, tena katika soko linaloamini kwamba ushairi hauuziki nje ya darasa. Mberia hakuwa na haja ya kumweleza mtu. Nasema hivi kwa kukisia kutokana na kurasa, sikuwa ofisini mwao, lakini sioni namna nyingine ya kuueleza utulivu wa ule weupe. Kuwa na kampuni hakukumfanya mshairi bora. Kulimpa ukurasa ambao hakuna aliyeweza kuubana.

Ndiyo maana naona Natala kama kitabu kinachojua siri za mwandishi wake. Natala anaambiwa kwamba mumewe amekufa, na papo hapo shemeji yake, Wakene, anataka kumrithi yeye pamoja na shamba. Tumeifundishwa tamthilia hii kama kazi ya kutetea haki za wanawake, na ni kweli. Lakini isome tena ukifuatilia karatasi moja tu: hati ya shamba. Wanaume wanazunguka, mila inatajwa, ofisi ya chifu inaingizwa, maneno matamu na vitisho vinapishana, na kila wanapogeuka wanarudi kwenye hati. Natala analima na kutunza nyumba, yote kwa mikono yake, na bado kuna mtu anayeamini kwamba jasho lote hilo linaweza kuhamishwa kwa jina jingine kwa sababu tu ya desturi. Ushujaa wake hauko kwenye hotuba. Uko kwenye kukataa kuachia kile kipande cha karatasi.

Kitabu hicho kilitoka chini ya nembo ya mtu aliyekataa kuachia karatasi yake. Sidai kwamba Mberia alikuwa anajiandika. Nadai kwamba mtu anayeelewa hati kiasi kile kwenye jukwaa hakuanzisha Marimba kwa bahati.

Halafu kikaja Kifo Kisimani. Wengi wetu tulikisoma kwa sababu ya mtihani. Tamthilia hii ilikuwa kitabu teule cha KCSE, na kama ulipita shule ya upili miaka ile, basi Butangi, Mtemi Bokono na Mwelusi ni watu unaowajua kama majirani. Kitabu kikiteuliwa Kenya, maisha yake yanabadilika kabisa. Kinaacha kuwa kitabu, kinakuwa mto, na kila mtu anakuja na ndoo yake.

Hebu tuzihesabu hizo ndoo. Ya kwanza ni kitabu chenyewe, kinachouzwa kwa kila mtahiniwa. Ya pili ni miongozo, vile vitabu vyembamba vinavyokueleza dhamira, wahusika na mbinu za lugha ili usilazimike kusoma tamthilia, na ambavyo wanafunzi wengine walivishika zaidi ya kitabu. Ya tatu ni jukwaa: vikundi vya waigizaji kutoka Nairobi vinavyozunguka shule kwa shule, au vinavyokodi ukumbi mjini na kuita shule zije kwa mabasi, kila mwanafunzi na kiingilio chake. Ya nne ni nakala bandia, zile ambazo wino huachia kidoleni. Ya tano ni tafsiri ya Kiingereza, Death at the Well, ambayo nayo ilitoka Marimba.

Kitabu kimoja, biashara tano. Mwenye kitabu ana uhakika wa mbili, ya kwanza na ya tano. Kwenye jukwaa sheria ya hakimiliki iko upande wake, onyesho la hadhara linahitaji ruhusa yake, lakini kati ya sheria na ukumbi wa shule kule bara kuna safari ndefu. Nakala bandia ni wizi, basi. Miongozo ndiyo inayonikera, na hapa nakiri naongea kama mtu anayependa fasihi kuliko anavyopenda soko: biashara nzima imejengwa juu ya kumwepusha msomaji na kitabu.

Juu ya wale waigizaji nina maneno mazuri tu. Tunaposimulia historia ya tamthilia Kenya tunapenda kuanzia majumba makubwa, lakini vijana wengi walijifunza uigizaji ndani ya matatu ya kukodi, wakiwa na mavazi kwenye begi moja, asubuhi wanacheza mtemi mbele ya wanafunzi elfu moja wanaopiga kelele, mchana wanaendesha hadi shule nyingine. Mmoja anaigiza, ndiye anashona mavazi, ndiye anapigia walimu simu kutafuta nafasi, ndiye dereva. Manze, kama tunatafuta wajasiriamali wabunifu wa kweli, ni hawa. Na hawana hata kipande cha hati. Kitabu teule kikibadilishwa, kesho wanaanza upya na mistari mipya ya kukariri.

Kuna jambo ndani ya tamthilia hiyo ambalo linafaa kusomwa pamoja na haya. Gege anamuua ndugu yake Mwelusi kisimani. Analipwa nini? Ahadi. Ameambiwa ataozwa binti wa mtawala. Hakuna kilichowekwa mkononi mwake kabla ya kazi. Mtu yeyote aliyewahi kupiga picha za tamasha zima kwa ahadi kwamba "utatambulika" anaijua sarafu hiyo. Sisemi umeua mtu, bana. Nasema Mberia aliuona mpango huo wa malipo mapema, na akauweka kwa mhusika anayedharauliwa kuliko wote.

Sasa niseme yasiyopendeza. Kifo Kisimani si kazi bora ya Mberia, ijapokuwa ndiyo iliyomfikisha kwa watu wengi. Upande wa haki unaongea kwa usafi mno. Kuna nafasi ambapo Mwelusi anasikika kama kijikaratasi cha mkutano badala ya kijana aliyefungwa na kuteswa. Natala ana mwili, ana hasira za kawaida, anajibu kabla hajafikiri. Mwelusi ana msimamo. Nikisoma sehemu zile najiuliza ni nani angemwambia mwandishi: hapa punguza, hapa mwache anyamaze. Mchapishaji wa kawaida huwa na mhariri ambaye mshahara wake haumtegemei mwandishi. Ukiwa wewe ndiye kampuni, mhariri hana ubavu wa kukukatalia, hata umpende vipi. Kwa biashara zote unazoweza kushika peke yako, nadhani hiyo moja haiwezekani.

Ukiona namwonea, mtazame David Maillu, aliyeitembea njia hii miaka ishirini na zaidi kabla yake. Maillu alikuwa mchoraji wa kazi za picha katika Sauti ya Kenya, kisha akaanzisha Comb Books mwanzoni mwa miaka ya 1970. Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle vilitoka 1973, After 4.30 ikafuata 1974. Aliandika mwenyewe, akachapisha mwenyewe, akasambaza mwenyewe, vitabu vidogo vya bei nafuu vyenye walevi, makarani na masekretari waliochoshwa na mabosi wao. Wasomi wa chuo walikunja pua. Tanzania ilivipiga marufuku. Watu wa mjini walivinunua kama karanga. Tusidanganyane, Maillu aliwapata wasomaji ambao fasihi yetu tukufu ilikuwa inawaota tu: mtu anayesoma kwenye basi akitoka kazini.

Comb Books ilianguka kabla miaka ya 1970 haijaisha. Mwaka 1980 Maillu yuko kwa Macmillan, katika ule mfululizo wa Pacesetters, akitoa The Equatorial Assignment na For Mbatha and Rabeka. Vitabu vimenyooka, vimepigwa pasi. Vinasomeka, na hata mzazi angekununulia, lakini yule mlevi anayeongea na chupa yake kwa kurasa nzima bila kuomba ruhusa hayumo. Baadaye akarudi kwenye nembo yake mwenyewe, Maillu Publishing House, na mwaka 1991 ikaja Broken Drum, riwaya ya zaidi ya kurasa 1,000. Naiheshimu ile nia. Lakini ni kitabu ambacho kimebeba kwenye uti wake ushahidi kwamba hakuna aliyesema hapana.

Mtu akinibana nichague, bado nitamchukua Maillu wa nembo yake mwenyewe na makosa yake yote. Mwaka 1989 alitoa Without Kiinua Mgongo, kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza vikiwa vimechanganywa ndani ya sentensi moja, jinsi Nairobi inavyoongea. 1989! Leo tunasherehekea kila shairi lenye Sheng kama kwamba ukuta umevunjwa jana. Yeye alikwisha kuupita mlango huo kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Sijui kampuni gani ya vitabu vya shule ingekubali kuchapisha lugha ambayo walimu walikuwa wanawachapia watoto viboko.

Kwa hiyo tofauti kati ya Mberia na Maillu haiko kwenye idadi ya kofia. Wote walivaa kofia nyingi, wote walishika hati zao, wote walikosa mtu wa kuwakatalia. Tofauti iko kwenye bomba. Mberia alikuwa na mshahara wa chuo. Mwezi ukiisha pesa ilishuka yenyewe, kama maji ya Thingithu, iwe mashairi yameuzwa au yamelala kwenye maboksi. Ule weupe wa kurasa zake, ule niliousifu huko juu, kwa sehemu umelipiwa na kazi ya kusahihisha karatasi za isimu. Maillu alipoacha kazi aliitaka Comb Books imlishe, na kitabu kinachotakiwa kulipa kodi ya mwezi huu huandikwa kwa mwendo wa mwezi huu. Unaona kwenye vile vitabu vya mwanzo: vina kasi tamu, halafu vinajirudia, halafu kuna kingine kinachofanana.

Jambo hili ndilo linalofichwa na fasihi ya kusifu hasla. Inakuonyesha mashamba matano, haikuonyeshi bomba. Yule mshairi mwenye podikasti huenda analipiwa nyumba na mzazi, au na ile kazi ya usiku ya matangazo ya mikopo ambayo haiweki kwenye wasifu wake. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kumwuzia mtu wa kule bara kozi ya kufungua biashara tano bila kumwambia maji ya kwako yanatoka wapi. Na wengi wa hawa tunaowasoma na kuwasikiliza wamejenga mashamba yote matano juu ya ardhi ya kukodi: akaunti ambayo inaweza kufungwa bila barua, muziki ambao mgao wake umeamuliwa na mwenye jukwaa, mashairi yanayoishi kwenye ukurasa wa kampuni ya California ambayo haijui kama Meru ni mji au ni jina la mtu. Broka ametazama mkungu, ametaja bei.

Mberia anapaswa kurudi kusomwa nje ya darasa kwa sababu hii, na ningeanza na Natala na Mchezo wa Karata, niiache Kifo Kisimani ipumzike na miongozo yake. Maillu naye tumsome bila ile pua iliyokunjwa. Hasa kile kitabu cha 1989. Nimekuwa nikiwaza juu ya jina lake kila ninapoona mwenzangu ameacha kazi ili "kujiajiri kwenye sanaa" na biashara zake nne. Profesa anapostaafu hupewa kiinua mgongo. Yule aliyeandika, akachapa na kuuza kwa mikono yake alikwisha kutuambia, kwenye jalada, alikuwa anafanya kazi bila nini.